Babu wa Udongo Anapandisha Mulima

Nyumbani kwetu watu wote walikuwa wanaomba muguu wa mujomba upone. Mimi peke yangu nilikuwa naomba usipone. Mama akifunga macho, nyanya akifunga macho, mimi pia nafunga, naitika "Amina" kwa sauti kubwa kuwashinda wote, halafu ndani ya roho naongeza kidogo: "Lakini Baba Mungu, pole pole. Hakuna haraka."

Musinitukane bado. Sikilizeni kwanza.

Mujomba, kaka ya mama yangu, alikuwa anafanya biashara Salamabila, kule kwenye dhahabu. Aliuzia wachimbaji taa za kichwa, babuche za mpira za kuvaa miguuni, sabuni, na maneno. Maneno ndiyo yalitoka zaidi. Siku moja pikipiki ikamuangusha kwenye matope, ikalala juu ya muguu wake sawa mugeni aliyechoka. Wakamuleta kwetu Kasongo. Munganga wa mifupa akaunyoosha ule muguu, akaufunga na vipande vya mwanzi, akasema: "Huyu asikanyage chini mpaka mimi niseme." Basi mujomba akawa mutu wa barazani: mukeka chini, muto mugongoni, telefone kifuani.

Na mambo yote yalitoka ndani ya ile telefone.

Mimi ile wakati masomo yangu yalikuwa yamefika mwaka wa sita, yakaona inatosha, yakarudi nyumbani. Nilikuwa napiga matofari kule bondeni. Asubuhi nakanyaga udongo, muchana najaza forma, kile kisanduku cha mbao cha kutolea tofari, jioni narudi nyumbani rangi moja na njia. Nikirudi, mujomba alikuwa ananionyesha video zake. Alikuwa nazo mingi: mahubiri, watu wanapigana ngumi, mbuzi anacheza muziki. Lakini moja ilinikamata. Kamutu ka udongo, urefu wa kidole, kanakaa mezani, kanakula ndizi. Ndizi inamukwama kwenye koo, shingo inavimba, macho yanatoka, halafu ndizi inatokea kwa sikio.

"Hiyo ni ordinateri," mujomba akasema. "Wazungu wanaandika kitu ndani ya mashine, udongo unatembea wenyewe."

"Rudisha, mujomba."

Akarudisha. Nikasema rudisha tena. Mara ya tano nikaangalia tumbo ya kale kamutu, si ndizi. Juu ya tumbo kulikuwa alama ndogo ndogo, zinatoka hapa, zinatokea pale. Mutu anayepiga matofari anajua alama ya kidole kwenye udongo mubichi sawa mwalimu anavyojua mwandiko wa mutoto muvivu.

"Mujomba, ni vidole! Iko mutu anamushika. Anamusogeza kidogo, anatoa mukono, anapiga foto. Anamusogeza tena, anapiga tena."

"Foto moja moja? Mpaka ndizi iishe?" Akacheka. "Huyo mutu hana kazi?"

"Hata wewe hauna, mujomba."

Babuche ilipita karibu na sikio yangu. Huo ndio uzuri wa mujomba wa muguu mumoja: anakutupia ya kwanza, ya pili hana.

Kwetu mutoto wa dada haibi kwa mujomba wake. Anakamata tu, mujomba analalamika, maneno yanaisha. Kwa hiyo kesho yake nikakamata telefone, nikaleta udongo wa matofari, nikafanya mbuzi. Nikamuweka juu ya tofari, nikapiga foto, nikasogeza muguu, nikapiga. Foto ya sita muguu ukapasuka. Ya nane kichwa kikaanguka. Jua la kiangazi lilikuwa linafanya kazi yake, na udongo wangu pia ulikuwa unafanya kazi yake, maana udongo wa matofari kazi yake ni kukauka. Mimi ndiye nilikuwa nauomba kitu ambacho haukuzaliwa nacho.

Nikaongeza mayi, mbuzi akawa uji. Nikajaribu mate, mama akapita. "Huyu mutoto sasa anatemea mbuzi," akasema, akaenda zake sokoni.

Dawa niliionea kwa nyanya, mama ya mama yangu, aliyekuwa anakaa na sisi. Kiangazi kikikaza, alikuwa anapaka kinu chake mawese ili muti usipasuke. Anapaka pole pole, ndani na inje, sawa anapaka mutoto aliyetoka kuoga. Nikamuangalia, nikawaza: kama muti unakubali, udongo je?

Haikuwa kitu cha siku moja. Udongo ukiwa na mayi ndani, mawese inakataa kuingia, inakaa pembeni sawa mukwe. Nikajifunza kuuanika kwanza mpaka ufe kabisa, kuutwanga, kuuchekecha na kipande cha chandarua, ndipo natia mawese kidogo kidogo nikikanda. Ukatoka udongo mwekundu, laini, wa kutii. Unaukunja, unakunjika. Unauacha juma nzima, unaukuta vile vile. Sasa hivi niko na telefone yangu mwenyewe, nafanya vifilamu vya watoto wa mutaa wetu, najua kwamba foto kumi na mbili ndizo zinatosha kwa sekunde moja. Lakini nikisikia harufu ya mawese mubichi mikononi, akili yangu inarudi kule nyuma ya jikoni, na ninakuwa tena na miaka kumi na sita na makosa yote.

Maana kulikuwa kosa. Ile mawese haikuwa yangu, na ule udongo niliutwanga ndani ya kinu cha nyanya.

Siku moja tulikuwa tunakula sombe, yale majani ya muhogo yanayotwangwa kinuni na kupikwa na mawese. Nyanya akatazama sahani.

"Hii sombe imeogopa nini? Mbona imepauka hivi?"

Mama akaweka tonge mudomoni, akatafuna, akaacha. "Tena inalia kwenye meno."

Wote wakanitazama. Sikujua sababu gani. Labda sababu mimi ndiye nilikuwa nakula nimefunga macho.

Kwetu nyanya anaita mujukuu wake wa kiume "mume wangu". Ni mazoea ya zamani, muchezo wa wazee, na mujukuu anajibu vile vile. Lakini akikuita kwa sauti ya chini, ujue ndoa imeingia hatari.

"Mume wangu. Unanikulia mawese?"

"Haiko mimi, nyanya. Iko mbuzi."

Nikamupeleka nyuma ya jikoni. Pale nilikuwa na vitu vyangu juu ya ubao: mbuzi, pikipiki ya waya, na mutu mumoja mufupi wa muguu uliofungwa na vijiti. Nyanya akainama, akamutazama yule mutu, akatazama kule barazani mujomba alipolala, akarudi kumutazama.

"Huyu ni mutoto wangu?"

"Ndiyo, nyanya. Ngoja umuone anaanguka."

Jua lilikuwa kali, kwenye kioo hakuonekani kitu, basi akafungua kikwembe chake cha juu, tukajifunika vichwa sote wawili sawa watu wanaopumua dawa ya mafua. Ndani ya ile giza ndogo nikamuonyesha filamu yangu ya kwanza. Inaisha upesi, mutu hawezi hata kupiga chafya mara mbili. Mujomba wa udongo anakuja na pikipiki, kifua mbele, anapungia watu mukono. Pikipiki inateleza. Yeye anaruka. Pikipiki inamutafuta pale alipoanguka, inamulalia. Miguu inapiga hewa.

Nyanya alicheka mpaka kikwembe kikaanguka.

"Munacheka nini kule?" mujomba akapaza sauti barazani.

"Tunaombea muguu wako!" nyanya akajibu, akapangusa macho, akataka aone tena. Akaona mara ine. Mara ya ine hakucheka. Akaniuliza, bila kunitazama:

"Na babu yako? Unaweza kumutembeza?"

Mimi babu sikumuona. Alikufa mama akiwa msichana. Foto yake ilikuwa moja tu, ndogo, ya kwenye karata ya utambulisho, nayo ilipotea mwaka watu walikimbia vita, pamoja na sanduku na vyote vya ndani.

"Nyanya, sijui uso wake."

"Hata mimi unaanza kunikimbia," akasema. "Asubuhi zingine nautafuta, naona uso wa kaka yake. Lakini mwendo wake ninao. Uso uache. Mutembeze tu nimuone."

Halafu sote wawili tukageuza vichwa pamoja, tukatazama ule muguu barazani. Munganga alikuwa amekadiria juma sita. Ine zilikuwa zimekwisha. Muguu ukipona, mujomba anarudi Salamabila, na telefone kifuani.

Sasa munaelewa ile "pole pole" yangu.

Babu alikuwa musukuma kinga. Kinga ni baiskeli, lakini kinga ya hawa watu haipandwi. Wanaondoa pedali, wanapakia mizigo mpaka baiskeli yenyewe haionekani, wanafunga fimbo moja kwa usukani ya kuongozea na nyingine nyuma ya kiti ya kusukumia, na mutu anatembea pembeni. Babu alitoka Kasongo na chumvi, sabuni na vitambaa, anasukuma mpaka Kabambare, anarudi na karanga na mawese. Siku na siku. Leo pikipiki inafanya ile njia kwa matusi na mavumbi, lakini bado unawakuta wasukuma kinga wamepumzika pembeni, mizigo imesimama juu ya fimbo sawa punda.

Kwa makanika nikaokota waya za freni zilizokufa. Nikapinda magurudumu, nikayavisha mipira niliyokata kwenye babuche, ile ile iliyonipita sikioni. Nikashona magunia madogo, urefu wa vidole viwili, kwa vipande vya kikwembe, nikajaza makapi ya muchele. Babu nikamupa mifupa ya waya, nyama ya udongo wa mawese, na macho ya punje za muchele zenye nukta ya makaa.

Mwendo ndio ulikuwa shule. Nyanya alikamata fimbo ya fagio, akakunja mugongo, akaanza kuzunguka kiwanja. "Angalia kisigino. Anakitupa inje kidogo, sawa mutu anayepangusa matope. Sasa bega. Angalia bega." Mimi nyuma yake, napinda waya huku natembea. Mama akarudi kutoka sokoni na beseni kichwani, akasimama mulangoni.

"Munacheza nini?"

"Namutembeza baba yako," nyanya akasema, bila kusimama.

Nilingoja mama aseme maneno yake juu ya sombe na watu wazima wanaocheza. Akatua beseni. Akatazama kidogo.

"Bega lilikuwa chini zaidi," akasema. "La kushoto."

Nyuma ya jikoni nikajenga mulima kwa udongo wa bondeni, urefu wa kiuno changu, na njia inayozunguka. Telefone nikaisimamisha ndani ya forma ya matofari, kati ya mawe mawili, isitikisike. Na hapo nikajua kwamba adui ya hii kazi ni wengi. Kwanza jua. Ukipiga foto kumi asubuhi na kumi muchana, kivuli cha babu kinamuzunguka sawa mbwa aliyefungwa. Kwa hiyo tukawa na saa moja tu ya kazi: jua likipita juu ya paa ya jikoni tunaanza, likigusa mupapai tunaacha. Mimi bondeni nikawa nafika nimechelewa kila siku, mukubwa wa kazi ananiuliza kama nimeoa.

Pili, sisimizi. Mutu wa mawese kwao ni karamu. Nilipounganisha foto za siku ya kwanza, babu alikuwa anatembea vizuri lakini juu ya mugongo wake nukta nyeusi zinakimbia huku na huku. Mujomba akaona, akasema: "Baba amekuja na wadudu wake." Tangu siku ile nikawa nazungushia mulima majivu.

Ya tatu, kuku. Siku moja niliingia ndani kunywa mayi, nikatoka, nikamukuta kuku mweupe wa mama anashuka mulimani na midomo inafanya kazi. Babu alikuwa amesimama pale pale, fimbo mukononi, na matundu mawili usoni.

"Nyanya! Kuku amemukula babu macho!"

Nyanya akatoka mbio na muchi wa kutwangia. "Yule kuku ni wa wageni wa jumapili," akasema. "Leo jumapili imefika."

Ile siku tulikula vizuri, na babu alipata macho mapya.

Mujomba sasa, mwanzoni alikuwa anatucheka tu. Halafu akaanza kujikokota na mukeka wake, kila siku karibu kidogo, mpaka akafika pale pale kwenye mulima. Alisema ni kwa kulinda telefone yake. Akawa ndiye anayepiga: mimi nasogeza babu, natoa mukono, nasema "Piga!", yeye anabonyeza. Ndani ya telefone alikuwa na kitu cha kuunganisha foto na muziki, zamani alikuwa anaunganisha nacho foto zake mwenyewe akivaa miwani. Nacho ndicho tulimutembeza baba yake.

Munganga akaja, akafungua mwanzi, akabonyeza muguu, akatabasamu. Sijapata kuchukia tabasamu sawa ile.

"Siku ine tano hivi," akasema. "Halafu anaweza kwenda."

Babu alikuwa karibu kufika juu. Nikasema hakuna shida, nikaongeza mwendo, na kesho yake akafika. Nikaunganisha foto, nikamuita nyanya, tukajifunika kikwembe.

Babu akatokea chini ya kioo. Mugongo umekunjwa, bega la kushoto chini, kisigino kinapangusa matope. Nyanya akashika mukono wangu.

"Ndiye yeye," akasema. "Njo yeye kabisa."

Babu akaanza kupanda. Nikasikia mukono wa nyanya unalegea.

"Na mwenzake iko wapi?"

"Mwenzake nani?"

"Wa nyuma. Nani anamusukumia?"

"Anapandisha peke yake, nyanya. Iko na nguvu."

"Nguvu ya nini!" Akaondoa kikwembe, tukatokea kwenye jua tukipepesa macho. "Wewe umezaliwa na pikipiki, haujui kitu. Mutu hapandishi kinga peke yake. Wakifika chini ya mulima wanalaza kinga zote. Wanakamata moja, mumoja anaongoza, wengine nyuma. Wakiifikisha, wanashuka wote, wanakamata ya pili. Mpaka ya mwisho. Anayepanda peke yake ni mutu ameiba ile mizigo, anawakimbia wenye nayo. Umenifanyia babu yako mwizi!"

Mujomba alicheka mpaka akashika muguu. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia ule mulima, na foto zote zile, na siku ine.

"Basi nitafanya mutu wa pili," nikasema. "Nimufanye nani?"

Nyanya alikuwa anajifunga kikwembe. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena.

"Mimi," akasema.

Mujomba akaacha kucheka.

Ndipo akatupa habari ambayo hata mama hakuijua. Siku alipotoka kwao Kabambare kuja kuolewa Kasongo, sufuria zake, muchi wake na mukeka wake vilikuwa juu ya kinga ya babu. Wenzake babu walikuwa wanatembea nao, kila mutu na kinga yake. Walipofika kwenye mulima mukubwa, wale wenzake wakasaidiana upesi, wakapandisha zao, na babu wakamuacha chini makusudi. Wakakaa juu, wanapiga miluzi, wanataka waone bwana-arusi atafanya nini. Na bibi-arusi njiani habebi muzigo, hata kijiti. Anatembea tu na mwavuli wake na uzuri wake. Babu akasukuma, kinga ikarudi. Akasukuma, ikarudi.

"Nikaweka mwavuli chini," nyanya akasema. "Nikaweka mikono nyuma ya ile mizigo. Namusukuma na kumutukana, namusukuma na kumutukana, mpaka juu."

"Mama, haukutuambia hata siku moja," mujomba akasema.

"Mulikuwa munauliza? Mulikuwa munauliza chakula."

Tukaanza upya, kutoka chini. Yule mutu wa pili nyanya alimufanya mwenyewe, akakataa mikono yangu. Alimukanda nusu siku. Nilipoona, nikasema:

"Nyanya, hii matako ni mingi."

"Ilikuwa njo ile. Uliza mulima."

Sasa tukawa watatu. Mimi nasogeza babu na kinga, nyanya anajisogeza mwenyewe, tunatoa mikono, mujomba anapiga. Nilitaka twende mbio. Yeye hakuwa na mbio. Vidole vyake vilikuwa na maumivu, na kila hatua alikuwa na kitu cha kurekebisha: kichwa kigeuke, kikwembe kipande juu ya goti. Mara nikamuona anaondoa mukono wa udongo kwenye magunia, anauinua juu.

"Nyanya, mukono urudi! Kinga itaanguka!"

"Pale nilikuwa namuambia habari ya mama yake. Utatukanaje mutu bila mukono?"

"Siku zinaisha, nyanya."

"Mulima ulikuwa murefu, mume wangu. Siwezi kuufanya mufupi sababu ya telefone."

Na mujomba, mutu wa kelele, alikuwa anabonyeza tu. Anasubiri, anabonyeza. Siku moja nilimuona analaza tumbo chini kabisa, shavu kwenye mavumbi, anatazama wazazi wake wanapanda. Akaniona namuona, akasema kuna sisimizi.

Pikipiki ilikuja asubuhi, kabla jua halijapita paa. Mwenye nayo alikuwa wa Salamabila, mutu wa haraka, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na njia ile mvua ikiikuta ni kulala porini. Tulikuwa tumepita katikati ya mulima kidogo.

"Kunywa chai kwanza," mujomba akamwambia.

Akanywa. Jua likapita paa. Tukapiga foto, tukapiga, nasogeza mbio mbio mpaka babu akawa anatembea sawa mutu wa homa. Mwenye pikipiki akamaliza chai, akala papai, akaja kusimama nyuma yetu, akatazama bila kuelewa, akapiga honi kwa mudomo: "Piii."

"Moja tena," mujomba akasema. Zikawa tisa.

Halafu wingu likaja juu ya jua, kivuli kikapotea, na mulima wote ukawa na rangi moja. Tukangoja. Wingu lile halikuwa na haraka yoyote. Mwenye pikipiki akawasha moto wa injini. Mujomba akatoa telefone ndani ya forma, akaipangusa mavumbi na shati, akaitia mufukoni. Akamukumbatia mama yake. Kwangu akanyoosha mukono, sawa mutu mukubwa na mutu mukubwa. Akapanda na fimbo yake, wakaenda.

Babu na nyanya wa udongo walibaki pale, zaidi ya nusu, wamekunja migongo. Nyanya mwenyewe aliingia ndani kuchagua muchele. Sikumufuata.

Kesho yake mama akasema anataka ule udongo kwa kuziba ukuta kabla ya mvua. Nikachukua jembe, nikazunguka jikoni. Jua lilikuwa linapita paa. Nyanya alikuwa amekaa juu ya kinu alichokigeuza, mbele ya mulima, nyanya wa udongo kati ya vidole vyake.

"Umekawia. Kamata babu yako."

"Nyanya, telefone haiko."

"Kwani ile siku ya arusi kulikuwa telefone?"

Niliweka jembe chini. Nikamukamata babu. Nikasogeza kisigino, nikashusha bega, nikasukuma kinga kidogo. Yeye akasogeza miguu yake, akageuza kichwa. Halafu, kwa mazoea, sote wawili tukatoa mikono na kungoja. Hakuna wa kubonyeza. Sisimizi wanatafuta njia kwenye majivu. Nyanya akaitikia na kichwa, tukaendelea.

Tulifanya vile asubuhi tano, na mama hakuuliza tena udongo wake. Ya tano kinga ikafika juu. Nyanya akaisimamisha na fimbo yake, akamukalisha babu chini, akamunyoosha miguu. Yeye akajikalisha pembeni, si karibu sana. "Nilikuwa nimekasirika bado," akaniambia.

Mvua ilikuwa imeanza kabisa pale mwenye pikipiki aliporudi Kasongo. Akapita kwetu, matope mpaka kwenye nyusi, akakataa kukaa.

"Mujomba yenu anawasalimia. Muguu iko muzuri. Na ile filamu wachimbaji wameiona mpaka wanaijua kwa kichwa. Kila jioni wanamusumbua: wale watu walifika juu? Yeye hajui. Anasema niulize."

Nyanya alikuwa anachambua sombe. Hakuinua kichwa.

"Mwambie tulifika. Tena mwambie mimi ndiye nilifika wa kwanza."

Mwenye pikipiki akanigeukia mimi, kuuliza kama ni kweli. Mimi nilikuwa pale, na gurudumu la babu ndilo liligusa juu mbele ya kila kitu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Alimuacha mbali."